Sukuma Zisizojua Kunyauka

Siku sukuma wiki za Jepleting zilipoenda chuo kikuu, mtaa mzima wa Rhonda, pale Nakuru, ulipata habari kabla chai ya asubuhi haijapoa. Mwenyewe alihakikisha.

Binti yake Cherop, aliyekuwa akisomea sayansi ya mimea, alifika na boksi la barafu, akachuma majani, akang'oa na mashina mawili pamoja na mizizi yake. Akaeleza kwamba anachunguza jinsi sukuma zinavyovumilia udongo mbaya, na sasa anatafuta mboga nzima, zisizo na kasoro, za kulinganisha na zile zilizougua. Jepleting hakusikia mengine. Alisikia "nzima, zisizo na kasoro", akayabeba maneno hayo hadi kibandani kwake kama mtu aliyebeba taji.

"Wengine wamesomesha watoto," alimwambia kila mteja, huku kisu chake kikizikata sukuma nyembamba kama nyuzi. "Mimi nimesomesha mpaka mboga."

Maneno alimwelekezea mteja, lakini sauti aliipaza imfikie Anyango, aliyeuza mboga ng'ambo ya barabara. Sukuma za Anyango zilikuwa fupi, zimetobolewa na viwavi hadi ungeweza kuzitumia kuchuja chai. Za Jepleting zilikuwa pana kama masikio ya ndovu, kijani kibichi, mvua ije isije. Shamba lake lilikuwa bondeni, nyuma ya yadi ya zamani ambako mtu mmoja alikuwa akivunja betri za magari kabla hajahama na asionekane tena. Maji ya yadi yaliteremka moja kwa moja hadi kwenye mboga. Jepleting aliyahesabu kuwa baraka, na alimshukuru Mungu kwayo kila Jumapili.

"Mtu hawezi kunenepa hivyo bila kula kitu," Anyango alikuwa akisema kwa miaka, akizitazama zile sukuma. "Hata mboga." Naye mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko redio. Lakini wateja walijua ni wivu, wakavuka barabara wakanunua kwa Jepleting.

* * *

Cherop alirudi jioni ya Ijumaa, akakuta familia mezani. Babake, Kipyegon, fundi wa kushona viti vya magari, alikuwa na mlima wa ugali mbele yake na sukuma pembeni. Mjukuu wao Cheruto, ambaye mamake alifanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, alikuwa akijaza sukuma mdomoni kwa vidole vyote vitano.

"Zimepita?" Jepleting aliuliza, akimvutia binti yake kiti. "Zimekuwa namba ngapi?"

Cherop hakukaa. "Mama, hizi mboga ziko na risasi."

Jepleting aliachilia kiti. "Risasi? Nani amepiga mboga yangu?"

"Si ya bunduki. Risasi ni madini. Ile iko ndani ya betri za gari."

"Wacha nikule," alisema Kipyegon, akimega tonge. "Hii ndiyo shida ya kusoma sana. Mboga yenye risasi ingekuwa hai? Hebu angalia vile imenawiri."

"Hapo ndipo shida iko, baba. Imenawiri kwa sababu inajua kupigana." Cherop aliketi sasa, akaongea polepole, kama aliyekuwa amejizoeza maneno hayo njia nzima. "Ndani ya mmea kuna maagizo yanaitwa jeni. Nyingi zinakaa tu zimelala. Mizizi ikionja risasi, oksijeni ndani ya jani inakuwa kali, inaanza kuunguza kama makaa. Sasa mmea hauna miguu ya kutoroka. Basi zile jeni zinaamka. Kuna zenye zinazima moto. Kuna zenye zinatengeneza kitu kama kamba, zinafunga ile risasi, zinaitupa stoo, ndani kabisa ya jani, ndiyo isisumbue. Mimi nilibeba za mama nikidhani ni za kulinganisha, nikapata jeni zote ziko macho, kama kijiji kimesikia kamsa. Tukapima risasi yenyewe. Mwalimu wangu alirudia kupima, akidhani mashine imeharibika."

"Kwa hivyo zimeshinda," alisema Jepleting, bado akiokota sifa mahali zilipodondoka.

"Zimeshinda, mama. Lakini sisi ndio tunakula stoo."

Kipyegon aliweka tonge chini. Cheruto peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

"Inafanya nini kwa mtu?" Jepleting aliuliza.

"Kwa mtu mzima, inategemea. Presha, figo, tumbo. Inapunguza hata nguvu za wanaume. Lakini kwa mtoto inaenda kichwani. Anaweza kuwa mzito wa kushika masomo, na usione kitu kwa macho. Na kuchemsha hakusaidii, hiyo ni madini."

Jepleting aliinuka, akamnyang'anya mjukuu wake sahani. Mtoto akaangua kilio. "Kogo, yangu! Kogo, lete!" Akaifuata sahani hadi nje, ambako nyanya yake alikuwa amesimama gizani asijue aitupe wapi, maana kuku angeila, na kuku naye huliwa. Mwisho aliifunika kwa sufuria, akaweka jiwe juu. Kisha akamkumbatia Cheruto, akamhisi tumbo lililoshiba.

* * *

Asubuhi alifungua kibanda bila mboga. Alikuwa amekesha na neno moja: atawaambia watu ukweli. Yeye ndiye aliyewalisha, kwa mkono wake.

Mteja wa kwanza alikuwa Sitati, mwenye hoteli ndogo ya chapati na maharagwe, mwanamume mseja aliyependa kucheka kabla ya mzaha kufika.

"Mathe, nipee za kawaida."

"Leo siuzi, Sitati. Ziko na risasi."

Sitati alicheka hadi akashika nguzo. "Risasi! Na tukichemsha zitalipuka? Nikatishie polisi na kitoweo?"

"Nakwambia ukweli. Wamepima university."

"Sawa, mathe." Akakoma kucheka. Akamtazama kwa macho ya kupima. "Ni nani amekuja na bei nzuri? Ni wale wa hoteli za nyama choma kule Kikopey, si ndiyo? Mboga imesoma, sasa haitaki kuliwa na watu wa Rhonda."

Jepleting aliapa. Aliapa kwa Biblia, akaapa kwa kaburi la mamake. Kadiri alivyoapa ndivyo Sitati alivyotikisa kichwa kwa kuvutiwa, kama anayetazama mfanyabiashara hodari akifanya kazi yake. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imekamilika: Jepleting amepata tenda Kikopey, anawaficha wateja wake wa zamani, na ili kuwafukuza ametunga hadithi ya bunduki. Wanawake waliomjua tangu ujana walipita bila kumsalimia. Wengine walikuja na sauti laini na bei maradufu. Mmoja alimletea maziwa ya mursik kwenye kibuyu, amhonge.

Jumapili alipotoka kanisani alikuta nusu ya shamba imechumwa.

"Wameiba!" alimlilia mumewe.

"Wameiba ama wamenunua bila kulipa?" alisema Kipyegon, aliyekuwa bado amenuna kwa sababu ya kunyimwa mboga. "Mimi nimekula hizo vitu miaka yote. Niangalie. Niko na shida gani?"

Jepleting alimwangalia. Aliona vitu kadhaa vya kutaja, lakini havikuhusiana na risasi.

Jumatatu alishika jembe ili azing'oe zote. Cherop alikuwa amemwambia azitie magunia, watu wa chuo watakuja kuzichukua, zisichomwe wala zisipewe ng'ombe. Alianza kung'oa, na kila shina lililotoka lilimuuma kama jino. Kabla hajamaliza mstari wa pili, wanawake walikuwa wamejipanga kwenye ua wa michongoma.

"Mama Cherop, kama unatupa, si utupe huku?"

"Ni sumu!"

"Sawa, tupe hiyo sumu."

Alipoinama kufunga gunia la kwanza, gunia la pili liliondoka. Alilikimbilia, akalishika upande mmoja, na mwanamke aliyekuwa amelishika upande wa pili hakuwa mwizi wa kutoka mbali. Alikuwa jirani yake wa mlango wa tatu, anayeimba naye kwaya. Wakavutana. Gunia likapasuka, Jepleting akaketi matopeni na sketi yake ya kazi, na zile sukuma nzuri zikatawanyika. Watu wakaziokota zikiwa zimemzunguka, wengine wakimwambia pole huku wakiinama kuokota karibu na miguu yake.

* * *

Mwalimu wa Cherop alikuwa amezungumza na wahudumu wa afya, nao wakakubali kuja Jumamosi kwenye uwanja wa kanisa, na kimashine cha kupima risasi kwenye damu. Kidole kinachomwa, tone linachukuliwa, jibu linatoka papo hapo. Cherop alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba akina mama walete watoto. Alirudi na viatu vimejaa vumbi na macho mekundu.

"Wanauliza damu inapelekwa wapi. Wananiambia nimetumwa niikusanye niuze. Mama, wale watu wakikuja wapate uwanja hauna mtu, hawatarudi."

Jepleting alivaa viatu. Kisha akajifunga leso kiunoni, akavuka barabara.

Anyango alimwona akija, akaketi vizuri juu ya kreti lake, kama malkia anayepokea mjumbe wa nchi iliyoshindwa vitani.

"Karibu, Mama Cherop. Umekuja kununua mboga?"

"Mama Owuor, nimekuja unisaidie. Umesema mabaya juu ya mboga yangu miaka mingi."

"Mimi?"

"Wewe. Na sikukuchukia sana, kwa vile hakuna mtu alikuwa anakusikiza. Sasa nataka useme tena. Sema vizuri. Sema mpaka wasikie."

Anyango alimkodolea macho. Alikuwa amengoja siku ya kumwona Jepleting akinyenyekea, na sasa ilipofika ilikuwa na ladha ambayo hakuitarajia. "Kwani hiyo maneno ya risasi ni ukweli?"

"Ni ukweli. Mjukuu wangu amekula tangu ameota meno." Akasogea karibu na kreti. "Na wajukuu wako pia wamekula. Usikatae. Nawaona wakikuja kununua kwangu, wewe ukiwa umeenda kuleta mzigo."

Anyango aliangalia chini. Wajukuu wake, kwa mboga za adui. Akalimeza hilo kama kidonge kikavu.

"Wewe umewaambia nini, watu?" aliuliza mwishowe.

"Nimewaambia vile Cherop alisema. Oksijeni, jeni, stoo ndani ya jani. Figo. Presha. Kichwa cha mtoto. Nguvu za wanaume. Tumbo—"

"Ngoja." Anyango aliinua kidole. "Rudi nyuma kidogo."

"Kichwa cha mtoto?"

"Mbele yake."

"Nguvu za wanaume."

"Hiyo ni Cherop amesema? Kwa mdomo wake? Ni ya kitabu?"

"Ni ya kitabu."

Anyango alisimama, akajipangusa rinda, na uso wake ukachanua mwanga ambao Jepleting hakuwahi kuuona katika miaka yote ya kutazamana ng'ambo kwa ng'ambo. "Mama Cherop," alisema kwa upole, "na hiyo ndiyo umekuwa ukiweka katikati, baada ya figo?"

* * *

Anyango hakumwambia mtu hata mmoja. Aliwakataza watu wasiseme. Alimnong'oneza mke wa kinyozi kwamba ni siri, na asimwambie mumewe, wanaume huumia moyo wakijua. Jua halijatua, kibanda cha kinyozi kilikuwa kimya kama msibani.

Kesho yake sukuma zilirudi. Zilirejeshwa kwa magunia, kwa mifuko, nyingine zikiwa tayari zimekatwa. Ziliwekwa mlangoni pa Jepleting kabla hajaamka, na yule jirani wa kwaya aliongeza sufuria nzima ya zilizopikwa, zenye kitunguu na nyanya. Hakuna aliyebisha hodi.

Kipyegon alikuwa hajui lolote. Alienda kibanda chake cha kazi, akakuta wenzake mafundi wakimwachia kiti kizuri. Mmoja alimnunulia chai. Mwingine akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliye wodini, kama analala vizuri. Mchana Sitati alifika na kitu kimefungwa kwa gazeti, akakiweka mkononi mwake na kuufunga mkono huo kwa mikono yake miwili.

"Mzee, hii imetoka kwetu Bungoma. Mukombero. Tafuna pole pole."

Kila mwanamume Nakuru anajua mzizi wa mukombero huongeza nguvu gani. Kipyegon aliutazama, akamtazama Sitati, akawatazama wenzake walioinamia vyerehani vyao ghafla.

Alifika nyumbani na ule mzizi mkononi. "Mama Cherop! Umeenda kuambia watu nini juu yangu?"

"Juu yako? Sijasema kitu juu yako. Tumesema juu ya mboga."

"Na hiyo mboga imekuwa ikiliwa na nani? Kila siku! Miaka yote! Mimi mwenyewe nimewaambia nimekula kuliko mtu yeyote Rhonda! Nimejisifu!"

Jepleting alitaka kumpa pole. Alijitahidi kwa moyo wake wote. Lakini tangu Ijumaa hakuwa amecheka, na kicheko kilichokuwa kimebanwa kikaona mlango. Alicheka hadi akakaa sakafuni, Cherop akafuata, na hata Cheruto, asiyejua linalochekwa, akacheka akipiga makofi. Kipyegon aliwatazama wanawake watatu wa nyumba yake, akaenda kulala na njaa. Huko chumbani, walimsikia akitafuna kitu pole pole.

* * *

Jumamosi wahudumu wa afya walipofika, foleni ilikuwa imetoka nje ya lango la kanisa. Ilikuwa ya wanaume peke yao. Walisimama wamevuta kofia hadi kwenye nyusi, kila mmoja akimweleza mwenzake kwamba amemsindikiza mtu.

Cherop alisimama mlangoni, akiihesabu foleni. Wanaume wote hawa, na mtoto hata mmoja hakuna. Muuguzi, mwanamke mnene aliyechoka kabla ya kuanza, alimnong'oneza kwamba vifaa ni vichache na vililetwa kwa ajili ya watoto. Jepleting, aliyekuwa amemshika Cheruto mkono, alisikia. Akapanda juu ya ngazi ya kanisa.

"Sikizeni! Mwanaume hapimwi kama hajaleta mtoto!"

Manung'uniko yakapita kwenye foleni. "Mtoto wa nini tena?"

Cherop alimtazama mamake, akaelewa, akasema kwa sauti ya kitaalamu kabisa, "Risasi ya nyumba moja ni moja. Tunaanza na mtoto."

Rhonda haikuwahi kuona kitu kama kile. Wanaume walitawanyika mbio, na baada ya muda mfupi wakarudi, wamebeba watoto mabegani, kwapani, wengine wawili wawili, wengine wakiwa na povu la sabuni bado masikioni. Akina baba ambao hawakujua hata kliniki ya mtoto iko upande gani walikuwa wakibembeleza, "Ni kidole tu, mrembo wangu, ni kama siafu." Sitati, ambaye hakuwa na mtoto wala mke, alionekana akijadiliana na Anyango, kisha akaja akimburuta mjukuu wa Anyango aliyemlipisha mandazi mawili.

Mtoto wa kwanza alikuwa Cheruto. Alichomwa, akalia, akapewa biskuti. Jepleting aliangalia kile kimashine jinsi alivyokuwa akiitazama barabara Cherop alipochelewa kutoka shuleni. Muuguzi alisoma, akaandika, akavua miwani.

"Iko juu, mama. Si ya kulazwa, lakini iko juu. Ile mboga isirudi mdomoni. Mpe maziwa, mayai, maharagwe. Mnawishe mikono akitoka kwa mchanga. Tutampima tena, na tutapima tena."

"Itatoka?"

"Kwa damu itashuka. Mmefanya vizuri kugundua sasa."

Jepleting aliitika, akambeba mtoto ambaye alikuwa mzito wa kubebwa, akaenda nyuma ya kanisa. Huko aliegemea ukuta, akalia bila sauti, biskuti ya Cheruto ikimmwagikia makombo shingoni. Anyango alimfuata. Hakusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa zawadi kubwa. Mjukuu wake mmoja naye alikuwa amekutwa juu. Wengine wachache waliandikiwa kwenda hospitali kubwa siku ya Jumatatu, na baba zao waliondoka uwanjani polepole wakiwa wamewashika mkono, hakuna aliyekuwa akikumbuka tena kilichomleta.

Ilipofika zamu ya Kipyegon jua lilikuwa limeinama. Alichomwa kidole, akaambiwa yake si mbaya sana, mwili wa mtu mzima huvumilia, ila asile tena mboga za lile shamba. Hakuondoka. Aliinama karibu na binti yake.

"Na ile ingine?"

"Gani, baba?"

"Cherop. Ile ingine."

Cherop alijishughulisha na pamba. "Hiyo mashine haipimi hiyo."

Kipyegon alinyooka. Nyuma yake foleni ya wanaume ilikuwa imenyoosha shingo, ikisubiri kuona atakavyotoka. Alivuta pumzi, akarekebisha kola, akatoka nje mbele ya wote, kifua mbele, akiinua kidole chenye pamba juu kama mtu aliyepiga kura.

"Mimi nimepita!" alitangaza.

Makofi yakalipuka. Sitati akamkumbatia. Anyango, aliyekuwa amesimama na Jepleting kwenye kivuli, alimgusa kwa kiwiko.

"Mama Cherop, ni ukweli? Amepita?"

Jepleting alipangusa macho kwa leso, akamtazama mumewe akipokea mikono ya pongezi kushoto na kulia.

"Amepita," alisema. "Kwa tundu la sindano."